Kidole cha Mama Tatu

Siku ya nne baada ya maziko ya Mama Tatu, Joshua alikuja nyumbani na pikipiki ya ofisi. Ni ile ile niliyoikabidhi wiki chache kabla, pamoja na funguo za stoo, mizani, mabango na kabati la faili. Joshua ni afisa ugani kijana aliyepewa kata nilizoanzia kazi. Alinipa pole ya msiba, akanywa uji, kisha akawa anazungusha kikombe mkononi.

"Mama," akasema mwishowe, "Alhamisi ijayo tuna siku ya mkulima. Wageni wa mkoa wanakuja. Mvua imekata wiki ya tatu sasa, alizeti ya shamba darasa imelala majani."

"Shamba lenyewe liko wapi?"

"Pale barabarani, karibu na ofisi ya kata. Magari yanafika."

Akaendelea, akitazama kikombe.

"Boza la maji linapatikana. Dereva amekubali. Nikimwagilia Jumatatu na Jumanne, Alhamisi litakuwa limeamka. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekuwa na umri wako ningemwagilia," nikamjibu. "Nilimwagilia."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaweka kikombe chini. Nikamwambia apite Jumapili, nitakuwa nimemwandikia, maana mimi nikisimulia kwa mdomo huwa napunguza yaliyo mabaya. Hivyo ninayoyaandika hapa ni ya Joshua kwanza, na ya wenzake wote wanaoanza kazi hii. Vyeo sitaviandika. Elimu yangu ni kidato cha nne na miaka miwili ya chuo cha kilimo, na hata walipokuja kunipa kuongoza elimu ya kilimo ya wilaya nzima nilibaki na kamba yangu na daftari.

Nilifika kituo changu cha kwanza kwa basi. Lilinishusha Mkiwa, mimi na sanduku la bati na jembe ambalo baba alinilazimisha nibebe kutoka kwetu Kiomboi, kana kwamba Wanyaturu hawana majembe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Msengi, bwana shamba aliyekaa upande ule miaka mingi hata akawa anaota kwa Kinyaturu. Alikuja kunipokea na baiskeli. Mbele ya duka walikaa wazee watatu. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, kisha Mzee Msengi akanitambulisha kwamba huyu ndiye Bibi Shamba mpya.

"Bibi?" akasema mmoja. "Bibi gani ana meno yote?"

"Subirini," akasema Mzee Msengi. "Mtamng'oa wenyewe."

Mzee Msengi alinifundisha kazi kwa kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo kila sentimita thelathini, na kwenye kila fundo alikuwa ameshonea kipande cha kitambaa chekundu ili lionekane kwenye udongo. Wawili mnaivuta kukata shamba, wa tatu anachimba shimo penye kitambaa. Lakini alinikataza kuitoa kwenye mfuko kabla ya wakati wake. Aliniambia, "Ukifika kwa mtu, usianze na kamba. Muulize mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na iliingia kiasi gani. Halafu msikilize mpaka amalize. Atakuchanganyia na habari za mama mkwe wake. Sikiliza na hizo."

Miezi ya kwanza nilisikia habari za mama wakwe wengi.

Kesi ya kwanza iliyonipa jina ilikuwa ya kuku. Kila mwaka ugonjwa wa mdondo ulipita ukafagia banda zima, na wanaume hawakujali kwa sababu kuku walikuwa mambo ya wanawake, mpaka siku anapokuja mgeni na hakuna cha kuchinja. Chanjo ni tone moja jichoni. Ugumu wake ni kwamba lazima ufike alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, na dawa ikae kwenye ubaridi. Nilikuwa naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu. Siku moja mtendaji wa kijiji aliifungua akitegemea chai ya maziwa. Aliifunga polepole, na tangu hapo akawa ananiheshimu kwa mbali.

Kwenye kazi hiyo ndipo nilipomkuta Mama Tatu. Alikuwa mke wa Mzee Hamisi, amenizidi miaka michache, mwembamba, na mwenye tabia ya kukutazama mikono unapoongea. Tatu alikuwa binti yake wa kwanza, bado wa kubebwa mgongoni. Nilimweleza chanjo yote kama nilivyofundishwa chuoni. Akanisikiliza. Kisha akaingia bandani akatoka na mtetea mmoja mwekundu.

"Chanja huyu. Akifa, utanipikia wewe mwenyewe. Akipona, rudi wiki ijayo."

"Mama Tatu, chanjo haiendi hivyo. Lazima wote."

"Kwenu chuoni. Hapa inaanza na mmoja."

Nikamchanja mmoja. Nilirudi wiki iliyofuata, mtetea akanipita mlangoni akiwa na haraka zake, na Mama Tatu akanifungulia banda zima. Mdondo ulipopita mwaka ule, kwake walibaki wengi. Wanawake wa kijiji kile walianza kunisikiliza kwa sababu yake. Naomba hilo likumbukwe, maana linafanya yanayofuata kuwa mazito zaidi. Alikuwa mtu wa kupima kwanza. Aliniamini baada ya kunipima.

Miaka miwili baadaye tuliletewa mbegu mpya ya mahindi ya muda mfupi, na mimi nikapewa kusimamia shamba la mfano la kwanza katika maisha yangu. Tulilichagua kando ya barabara. Tulilima matuta ya kukinga maji, tukavuta kamba, tukapalilia kwa wakati. Lilikuwa shamba zuri mno. Nilikuwa naliamkia kama mtu anayeamkia mtoto. Mwezi wa pili mvua ikakata, kama inavyokata huku kwetu miaka mingi, na majani yakaanza kujikunja. Siku ya wageni ilikuwa imeshapangwa, ng'ombe ameshachaguliwa na kwaya ya shule imeshashonewa sare.

Bosi wangu wa wakati ule alipita, akasimama ukingoni, akasema, "Wageni hawawezi kutoka mkoani kuja kuangalia mabua." Hakuniamuru kitu. Alisema hivyo tu akapanda gari. Nimejitetea kwa maneno yale kwa miaka, lakini aliyekwenda kuazima mkokoteni wa punda ni mimi. Nilijaza mapipa sita bwawani, jioni tatu mfululizo, na nikamwagilia kila shina kwa kopo. Mzee Msengi alikuja jioni ya pili. Aliangalia udongo ulivyolowa, akakunja kamba yake akaitia mfukoni.

"Binti," akasema, "hili shamba sasa ni la kwako peke yako."

Sikumwelewa, au nilikataa kumwelewa. Nilimalizia mapipa yaliyobaki.

Siku ya mkulima mahindi yalisimama kama askari. Kulikuwa na ngoma, soda, na hotuba zilizozidi soda. Watu walizunguka shamba wakishangaa, kwa sababu mashamba yao yote yalikuwa yamenyauka. Mama Tatu hakushangaa. Alichuchumaa kwenye mstari wa tatu akachomeka kidole cha shahada ardhini, kikaingia mpaka pingili ya pili. Akakitoa akakitazama.

"Bibi Shamba," akaniita, "huku chini pana maji. Mlinyeshea?"

Bosi alikuwa hatua tano kutoka tuliposimama, na mgeni mmoja alikuwa amegeuka kusikiliza.

"Ni matuta, Mama Tatu," nikasema. "Yanakinga maji. Na mbegu yenyewe ni ya muda mfupi."

"Matuta tu?"

"Ndiyo."

Akakitazama tena kidole, akakifuta kwenye khanga. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kama ingekuwa imeishia hapo ningesema nilidanganya mtu mmoja siku moja. Lakini siku ile ile, mbele ya watu wote, nilipewa kipaza sauti nikasema kwamba mbegu mpya itakuwa inaletwa kila msimu, kwa hiyo hakuna haja tena ya kutunza mbegu za zamani darini. Nilisema na mzaha kidogo, kwamba moshi wa jikoni sasa ubaki kwa ajili ya macho yetu wanawake. Walicheka.

Kwa Mama Tatu, juu ya mafiga, yalikuwa yananing'inia masuke ya uwele. Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na kila mavuno alichagua masuke bora akayafunga kwa kamba za magome na kuyatundika kwenye moshi ili wadudu wasiyaguse. Baada ya hotuba yangu aliyashusha, akayapura, akasaga. Watoto walikula ugali wake siku mbili.

Msimu uliofuata alipanda mahindi shamba zima. Shamba zima, Joshua. Alikuja mwenyewe kuniazima kamba, na akalima matuta mazuri kuliko yangu. Mvua ilianza vizuri. Mwezi wa pili ikakata, mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Nilikuwa napita na baiskeli kila siku kutazama, kana kwamba kutazama kunaleta maji. Majani yalijikunja, kisha yakageuka rangi ya karatasi, na mvua iliporudi mwezi wa tatu ilikuta mabua. Uwele ungengoja. Uwele huwa unangoja.

Hakufa mtu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Walikula mlenda na majani ya porini mpaka watoto wakawa hawataki kuitwa kula. Walikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia, na Mzee Hamisi akampeleka mmoja mnadani ili wanunue mtama. Nilikutana naye njiani akimswaga. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza na hali ya nyumbani. Hakunilaumu kwa neno lolote. Yule ng'ombe aliyebaki alisimama mlangoni mwa zizi siku nyingi akitazama njia. Ng'ombe mmoja hawezi kuvuta jembe la wawili.

Nilikwenda kwa Mzee Msengi, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Nilimkuta anashona kitambaa kipya kwenye kamba.

"Unataka nikuambie nini?" akasema. "Unajua."

"Nikiwaambia hawatanisikiliza tena. Kazi itakuwa imekwisha."

"Huenda."

"Na nisipowaambia?"

"Watapanda mahindi tena mwaka ujao. Watafikiri walikosea matuta."

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mama Tatu angeweza kurudia, akiamini kosa lilikuwa mkononi mwake.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alisoma ajenda: choo cha zahanati, mifugo kuingia mashambani, mengineyo. Nilisimama kwenye mengineyo.

"Shamba la mwaka jana la barabarani," nikasema, "nililimwagilia. Mapipa sita, jioni tatu. Halikuwa matuta wala mbegu. Yale ni mahindi yaliyonyweshewa, na nilipoulizwa nilikana."

Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe ngoma yote ile tulikuwa tunayachezea mapipa!" Watu wakacheka, kicheko kisichokuwa kizuri.

Mzee mmoja akainua mkono. "Na chanjo ya kuku? Nayo ilikuwa maji ya kisima?"

"Hapana, mzee. Chanjo ilikuwa chanjo."

"Tutajuaje?"

Nilisimama pale nikitazama ubao, uliokuwa na hesabu za darasa la pili. Nimefanya kazi ile miaka zaidi ya thelathini, na hakuna swali lililonishinda kama lile.

Mama Tatu akasimama. Alikuwa amekonda. Hakuongea na mimi kwanza, aliongea na wenzake.

"Nilitia kidole pale. Mliniona. Kidole kikaniambia pana maji. Nikakiambia kinyamaze, kuna mtu aliyesoma anaongea." Ndipo akanigeukia. "Sasa sikiliza, Bibi Shamba. Kusimama kwako hapo hakupandi kitu. Msimu ujao hilo shamba lako la mfano lije kwangu, kule mlimani ambako mkokoteni haupandi. Kikipona kipone, kikifa kife watu wote wanaona. Na mbegu yangu ya uwele uitafute ulikoipeleka."

"Niliipeleka tumboni mwa watoto wako," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Lilikuwa ndilo jibu la kweli.

Watu wakashtuka. Yeye alinitazama, mdomo ukamcheza kidogo. "Basi huko usiitafute. Nenda kwa ndugu zangu."

Nilikwenda. Ni safari ya siku mbili kwa baiskeli mpaka kwa upande wa mama yake, na huko nilimkuta mama yake mdogo ambaye bado alitundika mbegu ile ile. Mama mdogo huyo alinihoji mpaka nikamweleza yote, ndipo akapanda kwenye kigoda akanishushia masuke kumi na mawili. Nilirudi nayo nimeyafunga kwenye shuka langu la kitanda. Mama Tatu aliyapokea, akayakagua moja moja, akayatundika mwenyewe. Hakunishukuru, na ilikuwa sawa.

Shamba la mlimani lilikuwa darasa langu halisi. Nusu tulipanda mtama kwa kamba, nusu alipanda uwele kwa namna yake, na pembeni akapanda mistari mitatu ya mahindi. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Hawa ni wageni wa mkoa. Tuwaone wakifika Februari kama watapewa maji." Yalipokauka, alikuwa anawaita majirani: "Njooni muwaone wageni!" Watu walikuwa wanapanda mlima kwa ajili ya mzaha ule, na wakishafika wanauliza habari za mtama. Kila aliyefika alitia kidole. Hakuna aliyeniuliza mimi kama pamenyeshewa. Waliiuliza ardhi.

Ilichukua misimu minne mpaka mzee yule wa chanjo akanifungulia banda lake. Mzee Msengi alipostaafu alinipa kamba. Mama Tatu, mwaka ambao Mzee Hamisi alipata ng'ombe wa pili, aliacha kuniita Bibi Shamba akaanza kuniita mdogo wangu.

Nilipopewa kuongoza elimu ya kilimo wilayani, nilileta mambo mawili kutoka mlimani. La kwanza, shamba darasa likae kwa mkulima wa kawaida, na lisifanyiwe chochote ambacho jirani yake hawezi kujifanyia. La pili, siku ya mkulima wageni waanzie kwenye kilichoshindikana. Halikupendwa. Mgeni mmoja aliniuliza kama chakula nacho kingekuwa cha kushindikana. Niliandikiwa barua kwamba naharibu taswira ya wilaya. Barua ipo kwenye faili la kijani, Joshua, uisome siku utakayojiona uko peke yako.

Nisijipambe. Mara moja nilijua kwamba afisa mmoja chini yangu anamwagilia, na nilinyamaza. Alikuwa na mgonjwa nyumbani, na nilichoka kugombana mwaka ule. Kuna kata sikuwahi kuzifikia vizuri. Kuna kijiji nilichokipa ushauri wa vitunguu siku ambazo soko lilikuwa linaanguka, na hawajanisahau. Mtu anayesema ameongoza kazi hii bila kukosea, muulizeni anakaa wapi, mwende mkawaulize majirani zake.

Mama Tatu alianza kuumwa kifua mwaka jana. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata upenyo. Mara ya mwisho tuliyoongea sana ilikuwa mwanzo wa mvua. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango ili aone nje, na usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa imenyesha kwa kelele nyingi. Kijiji kizima kilikuwa kinanoa majembe.

"Mdogo wangu," akasema, "imeingia kiasi gani?"

Nikatoka nje mpaka ukingoni mwa shamba, nikachomeka kidole.

"Pingili ya kwanza," nikamwambia niliporudi.

"Kweli?"

"Kweli."

"Nionyeshe."

Nikachuchumaa nikamwonyesha. Tope lilikuwa limeishia kwenye pingili ya kwanza. Alikishika kidole changu, akakigeuza akakitazama pande zote mbili kama anavyokagua suke la mbegu, akakiachia.

"Haya," akasema. "Waambie wangoje. Wasipande bado."

Walingoja. Yeye alifariki mwezi niliostaafu, uwele wake ukiwa magotini. Wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani tukapika. Kwenye mazishi sikutoa chozi. Siku ya tatu, nikichambua maharage na Tatu, niliangalia juu ya mafiga nikaona masuke yananing'inia, na nikashindwa kuendelea. Tatu akanisogezea ungo wake, akachukua wangu wenye mawe.

Basi Joshua, uliniuliza ningefanyaje. Nilichofanya umeshakisoma. Boza likimwaga maji, alizeti itaamka, wageni watapiga picha na wewe utapumua. Baadaye kuna mtu mmoja atakwenda kufanya kama alivyoona. Mimi sitakuwepo wa kukukataza, na pikipiki ni yako.

Haya machache nimeyaongeza baada ya Alhamisi. Karatasi hizo nilimpa Jumapili, nikabaki na nakala. Alizikunja akazitia kwenye mfuko wa koti, akaniaga. Hakusema atafanya nini na sikumuuliza. Jumatatu nilisikia gari kubwa likipita barabarani nikasimama mlangoni kulitazama. Lilikuwa lori la mawe.

Haya machache nimeyaongeza baada ya Alhamisi.

Nilikwenda kama mwalikwa. Nilikaa na wanawake wa kikundi cha wakulima, Tatu akiwa mwenyekiti wao siku hizi, mtu mzima mwenye watoto watatu, amejifunga khanga ya mama yake. Watu wa pale walikuwa bado hawajamzoea Joshua. Walimwita yule kijana wa pikipiki. Wageni walishuka kwenye magari, na Joshua, kipaza sauti mkononi, akawapeleka moja kwa moja shambani kabla ya hotuba.

Alizeti ilikuwa imeinama yote. Majani ya chini yalishakauka.

"Hili ndilo shamba darasa?" akauliza mgeni mmoja.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema Joshua. "Limeshindwa. Mbegu ni nzuri. Nililipanda mimi, siku ya mvua ya kwanza, kabla udongo haujashiba. Wenyeji waliniambia ningoje. Niliangalia kalenda. Walioingoja mvua ya pili, alizeti yao iko kule nyuma, tutaiona, inavumilia."

Wageni walitazamana. Mmoja aliandika kitu. Wanawake wa kikundi walikuwa wanatazama udongo, na nikajua wanachongoja.

Tatu alitoka kwenye mstari, akachuchumaa kwenye shina la karibu, akachomeka kidole. Hakikuingia hata ukucha. Alisimama akakiinua, si kwa wageni, kwa wenzake, wakaona vumbi. Akakifuta kwenye khanga.

"Haya, Bwana Shamba," akasema. "Tueleze vizuri ulipokosea. Tunakusikiliza."